Gemu limeahirishwa, na pesa yangu ina miezi kumi kwa Baba Mdogo

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 28, nina banda la gemu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nina runinga nne na mashine za gemu za PlayStation, PS4 mbili na PS5 mbili. Si biashara kubwa, lakini inalipa pango na inalisha mke na mtoto mmoja. Nakuandikia kwa sababu mke wangu ameshachoka kunisikiliza, ananiambia niandike gazetini au ninyamaze.

Mwaka jana mwezi wa nane nilisikia kuna gemu kubwa linakuja. Jina silitaji, wanaocheza watajua. Hapa mjini kuna duka la vifaa vya umeme la mzee mmoja ambaye namwita Baba Mdogo, kwa sababu alifanya kazi na marehemu baba yangu enzi zao na ndiye aliyesimamia mazishi. Akaniambia nikilipa kabla, mzigo ukifika Dar mimi ndiye wa kwanza. Nikisubiri litoke nitakuta Kariakoo wameshagombania zimekwisha. Nikalipia CD mbili, 185,000 kila moja, jumla 370,000. Hiyo ilikuwa akiba ya kubadilisha bati la banda. Akaniandikia risiti ya mkono: "CD 2 za PS5, zimelipwa zote, itatoka 31/12."

Tarehe 2 Januari nilikuwa dukani kwake saa mbili asubuhi. Akasema kampuni imesogeza mpaka Aprili. Aprili nikaenda, nikaambiwa wamesogeza tena, sasa Novemba. Sasa hivi ni Juni, baridi hii unaijua, watu wamejifungia ndani, banda linapwaya. Gemu hilo lingekuwepo wangekuja hata wakiwa wamejifunika mablanketi.

Kwa sababu nilikuwa na uhakika wa 31/12, nilichapisha bango nikalitundika nje. Vijana 23 wakanilipa 2,000 kila mmoja ili wawekewe nafasi siku ya kwanza. Wote ni wateja wangu wa siku zote, mmoja yuko darasa la sita, alileta sarafu tupu ndani ya soksi. Hela hiyo ndiyo iliyolipia bango na pedi moja ya mtumba, yaani kile kidude cha kushika mkononi ukicheza. Sasa wengine wameanza kuuliza. Mmoja alinijibu mbele za watu kwamba mimi ni tapeli, nikamfukuza.

Nimepiga hesabu. Mechi yangu moja ni 500. Kwa gemu jipya ningeongeza kama 15,000 kwa siku, nikichukua siku 40 tu za mwanzo ni 600,000. Nimemwambia Baba Mdogo anirudishie 370,000 yangu na hiyo 600,000 ya hasara. Alicheka. Akasema nikitaka kuvunja oda atanirudishia nikishakatwa asilimia kumi ya usumbufu, la sivyo nisubiri Novemba kama wengine. Eti pesa iko kwa mtu wake wa Dar. Lakini mwezi wa tatu nimeona ameweka shelfu mpya za vioo dukani.

Nasikia huko nje waliolipia kabla hufidiwa gemu likichelewa. Je, sina haki? Na nikimshitaki, ndugu watanielewaje?

Mwenye Banda, Mwanjelwa

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako moja kwa moja. Mara ya pili nikakutana na wale vijana 23, ambao umewapitisha katikati ya barua haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya wazee bila kusalimia. Nitawarudia hao, usidhani nimesahau.

Tuanze na risiti. Hiyo 31/12 ilinifanya nimwite mwanangu wa mwisho, maana ndiye mwalimu wangu wa mambo haya, na akacheka kabla sijamaliza kusoma. Maduka ya mtandaoni yakitaka kupokea oda kabla kampuni haijataja siku, kompyuta haikubali nafasi ya tarehe ibaki tupu. Basi hujaza siku ya mwisho ya mwaka, mradi nafasi ijae. Fikiria mwenyewe, kampuni gani itatoa gemu la mamilioni ya watu usiku wa mkesha wa mwaka mpya? Naona Baba Mdogo aliikuta tarehe hiyo kwenye ukurasa wa mtu, akaihamishia kwenye risiti kwa nia njema. Kwa hiyo ule mwezi wa kwanza uliokukuta umesimama mlangoni kwake saa mbili asubuhi, inaelekea kampuni haikuwa imechelewa bado. Aliyechelewa ni kalamu ya Baba Mdogo.

Hiyo mara ya pili, kutoka Aprili kwenda Novemba, ni ya kampuni kweli, na hapo nakuomba uwe na moyo wa mtu aliyewahi kuagiza kitu kwa fundi. Kuna gemu la kampuni ya Poland, CD Projekt, linaitwa Cyberpunk 2077. Walitaja tarehe 16 Aprili 2020, wakasogeza hadi 17 Septemba, wakasogeza hadi 19 Novemba, wakasogeza tena hadi 10 Desemba. Oda za kabla zilikuwa milioni 8. Watu wakakasirika, wakatukana, na kampuni ikalitoa hiyo Desemba. Kwenye PS4 lilikuwa bovu kiasi kwamba wiki moja tu baadaye Sony, wenye PlayStation, waliliondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kuwarudishia pesa walioomba. Halikurudi dukani humo mpaka Juni 2021. Wewe una PS4 mbili, ungeliweka mbele ya vijana wako likagandaganda wangekuita tapeli mapema zaidi.

Sasa angalia walichopata wale wateja. Ilikuwa pesa yao, basi. Waliolipwa baada ya kwenda mahakamani Marekani walikuwa wenye hisa wa kampuni, dola milioni 1.85 walizogawana, kwa madai kwamba walidanganywa kuhusu hali ya gemu. Mchezaji aliyekaa amesubiri tangu Aprili hakuandikiwa hundi ya subira.

Ndiyo maana hiyo habari ya "huko nje hufidiwa" uliyoisikia imepindishwa njiani. Huko nje wana kitu kingine, na ni kizuri kuliko fidia. Ukilipia gemu kabla kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaweza kuvunja oda siku yoyote kabla halijatoka na pesa yako ikarudi yote. Duka la PlayStation nalo linakuruhusu kuvunja kabla ya siku ya kutoka. Amazon wao ukiagiza CD hawakati pesa kwenye kadi mpaka siku wanayosafirisha mzigo. Yaani Mmarekani aliyeagiza gemu hilohilo, muda wote huu pesa yake inaweza kuwa bado mfukoni mwake. Kampuni ikisogeza tarehe, anasonya, anaendelea na kazi zake. Hakuna anayekatwa asilimia kumi ya usumbufu. Hiyo asilimia kumi ni ya Mbeya, na ndiyo ulipaswa kuipigia kelele, si hiyo 600,000.

Halafu jiulize ulikuwa unanunua nini ulipolipa kabla. Zamani oda ya mapema ilikuwa na maana, kwa kuwa duka lilihesabu wanaotaka, likaagiza idadi hiyo, na asiyejiandikisha akakosa. Siku hizi gemu linashushwa mtandaoni, na kinachoshushwa hakiishi kwenye shelfu hata wakishusha milioni. Kinachobaki ni nguo na silaha za zawadi ndani ya gemu, wanazopewa waliolipa kabla. Kwa mtu wa CD kama wewe, na ninajua kwa nini unataka CD, maana bando la kushusha gemu zima lingekula pango lako la mwezi, bado ilikuwa na maana kidogo. Kidogo tu. Wiki mbili baada ya gemu kutoka Kariakoo huwa wanazo tena.

Mimi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kusikiliza shida za watu nilikuwa fundi cherehani, miaka 19, Sokomatola. Nitakueleza kosa langu moja, kwa kuwa Baba Mdogo simfahamu lakini ninamfahamu mtu aliyekuwa na pesa ya mteja mkononi.

Mama mmoja wa Tukuyu alinipa kazi ya magauni sita ya wasimamizi wa harusi ya binti yake. Bei 200,000, akatanguliza 120,000, wiki tatu kabla. Nikanunulia kitambaa cha mteja mwingine aliyekuwa ananikaba. Ndivyo mafundi tunavyoishi, advansi ya huyu inashona nguo ya yule. Kitambaa chake nikanunua Alhamisi ya wiki ya harusi. Ijumaa umeme ukakatika saa kumi na mbili jioni, nikakaa na chemli na cherehani ya miguu mpaka kidole kikachomwa sindano. Jumamosi saa nne nashuka stendi ya Tukuyu na mfuko, mvua inanyesha kama kawaida yao, nafika kanisani nakuta misa imeanza na wasichana sita wamesimama mbele na magauni ya kuazima, kila mtu na rangi yake.

Yule mama hakunipigia kelele. Alinisogeza pembeni ya ukuta akaniuliza swali moja tu: "Kitambaa ulinunua lini?" Nikataka kusema umeme. Akarudia, lini. Nikasema Alhamisi. Akachukua magauni, na ile 80,000 iliyobaki hakunilipa, wala sikumdai. Ningekuwa nimenunua kitambaa siku aliyonipa pesa, nikashona, halafu umeme ukanikwamisha usiku wa mwisho, nadhani angenilipa yote na chai angenipa. Alichonikata kilikuwa bei ya wiki tatu ambazo pesa yake ilifanya kazi ya watu wengine.

Basi kampuni ya gemu haijawahi kuiona shilingi yako. Kuidai fidia ni kumdai mkulima wa Uyole kwa sababu dalali amekula pesa yako ya viazi. Na hata ungewafikia, masharti yanayokuja na hizo CD yanasema gemu ni la matumizi ya nyumbani, si la kuwatoza watu 500 kwa mechi. Ukitaja hasara ya banda, wewe ndiye utakayeanza kuulizwa. Nyamaza hapo.

Mwenye swali la kujibu ni Baba Mdogo, na swali ni lile la yule mama wa Tukuyu. Pesa ilikwenda Dar lini? Kama aliituma Agosti na ana muamala wa kuonyesha, basi naye anasubiri kama wewe. Anachokudai ni uvumilivu, na wewe ukiuchoka unachomdai ni 370,000 kamili, bila kukatwa hata mia. Mambo ya "mtu wake wa Dar" asikuletee wewe. Hukuwahi kumwona mtu wa Dar, uliweka pesa kwenye mkono wa Baba Mdogo. Lakini kama pesa ilibaki dukani, ikazunguka kwenye nyaya na balbu kwa miezi kumi, basi ulimkopesha bila riba na bila yeye kukuomba. Hapo nakubali kwamba unastahili nyongeza. Shelfu za vioo usizitaje. Huenda kakopa, huenda kauza ng'ombe, na ukizitaja mazungumzo yatageuka kuwa ya wivu.

Nyongeza kiasi gani? Asilimia kumi anayotaka kukukata, igeuzwe ije kwako. Yaani 407,000. Asipokuwa na taslimu, pedi mpya ya PS5 inatosha, dukani kwake si anauza vifaa vya umeme? Ukiamua kusubiri Novemba, dai pedi hiyo sasa na risiti mpya yenye maneno haya: gemu lisipotoka kwa tarehe iliyotajwa, pesa inarudi yote ndani ya siku saba.

Hiyo 600,000 iache. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakupa hasara iliyotokana moja kwa moja na ahadi kuvunjwa, au ile ambayo nyote wawili mlijua tangu siku ya makubaliano kwamba itatokea. Hasara ya mbali haimo. Baba Mdogo anajua una banda, hilo unaweza kulisimamia. Lakini viti vyako havikukaa wazi siku hizo 40, vijana walikuwa wanacheza mpira humohumo na wewe unakusanya 500 zako. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo atakuomba daftari la mapato, na mwanangu, nina wasiwasi daftari hilo halipo.

Kuna jambo moja la sheria hiyohiyo ambalo wengi hawalijui, na ndilo la haraka. Ukipokea kitu kilichochelewa bila kumwambia mwenzako wakati wa kupokea kwamba utadai fidia, nafasi ya kudai imekwenda. Ukienda Novemba ukachukua CD zako kwa furaha, ukasahau, usirudi Desemba na madai. Sema sasa, na useme kwa maandishi. Mtumie ujumbe wa namna hii, badilisha upendavyo lakini usiondoe heshima:

"Shikamoo Baba Mdogo. Naomba tuzungumze kuhusu ile 370,000 niliyokupa Agosti ya CD mbili, uliniandikia 31/12. Sina ugomvi na kampuni kusogeza tarehe. Naomba kujua pesa ilitumwa Dar lini. Kama haikutumwa, naomba inirudie yote na tuelewane kidogo kwa huo muda ilipokaa. Nitakuja Jumamosi asubuhi na Baba Mkubwa."

Huyo Baba Mkubwa mtafute. Mzee wa ukoo wenu yeyote anayeheshimika na asiyejua gemu ni nini, huyo ndiye bora, kwa sababu mtalazimika kumweleza kuanzia mwanzo na kila mtu atasikia hesabu ikisemwa kwa sauti. Mtu aliyesimamia mazishi ya baba yako huanzi kumpeleka mahakamani. Wala humwachii 37,000 eti kwa sababu alisimamia mazishi. Hivyo ni vitu viwili, na ndugu wenye akili watakuelewa. Akikataa mbele ya mzee, mwenyekiti wa mtaa yupo, na mahakama ipo baadaye. Mambo ya kumlinda mlaji kitaifa yanashughulikiwa na Tume ya Ushindani, lakini kwa CD mbili na mtu mnayesalimiana kila wiki, sidhani mtafika huko.

Sasa wale 23.

Umechukua 46,000 ya watu kwa tarehe ambayo wewe mwenyewe hukuithibitisha. Umeinunulia bango na pedi. Pedi hiyo inafanya kazi kila siku na inakuingizia hela. Wameuliza, ukamfukuza mmoja. Soma tena ulichoandika kuhusu Baba Mdogo alivyocheka, halafu soma hapo ulipomfukuza kijana. Swali la yule mama ni lako pia: pesa yao iko wapi? Si iko mkononi mwa mtu pale bandani anapiga chenga?

Shusha bango leo. Anayetaka 2,000 yake apewe yote, na usimwambie usumbufu. Anayekubali kusubiri mwandike jina kwenye daftari, ndiyo daftari hilohilo ambalo hakimu angekuomba, na umpe mechi moja bure sasa. Asilimia kumi ya 2,000 ni 200 tu, lakini mechi yako haigawanyiki. Itakugharimu 11,500 kwa wote ukiihesabu kwa bei ya mlangoni, na baridi hii viti viko wazi hata hivyo. Yule uliyemfukuza mfuate mwenyewe.

Wa darasa la sita usimwandike kwenye daftari. Mrudishie elfu mbili yake yote, kwa noti, mbele ya mama yake, na umwambie akija tena aje Jumamosi.

Anti